Ghala la Wickley

Nilipokuja Unguja baada ya kustaafu, mlinitembeza katika nyumba mnazozihifadhi pale Mji Mkongwe, mkanipandisha ngazi ambazo magoti yangu hayajazisamehe mpaka leo, kisha mkaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu nikiwa nimesimama: mtoto wa Ng'ambo alifikaje kuwa mlinzi wa mashamba ya Waingereza? Nikaahidi kuandika. Naandika sasa, nyumbani kwangu Hounslow, karibu na uwanja wa ndege wa London, na kila baada ya muda ndege inapita juu ya paa na kunikatiza. Mkiona sentensi imevunjika katikati, ilaumuni ndege.

Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Vilikuja, vingine vilichelewa, na havikunifundisha kitu.

Tuliondoka Unguja, mimi na mama, baada ya Mapinduzi. Tulikaa Mombasa kwa jamaa, kisha tukamfuata kaka yangu London. Yeye alikuwa akifanya kazi katika jiko linalopika chakula cha kwenye ndege, na kwa kuwa alitaka kuishi karibu na kazi, sote tukawa watu wa Hounslow. Mimi nilijua kupiga taipu. Kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, ilikuwa ikitafuta mpiga taipu wa idara ya ujenzi, nikaenda nimevaa koti la kaka, maana langu lilishonwa Mombasa na baridi ya huku ilikuwa inapita ndani yake kama inavyopita kwenye chandarua.

Siku ya kwanza nilipewa rundo la ripoti zilizoandikwa kwa mkono na Bwana Prentice. Huyu alikuwa seremala kwa miaka mingi kabla kaunsili haijamchukua awe mkaguzi wa majengo ya kale. Mkono wake ulikuwa hodari kwa patasi, lakini kwa kalamu ulikuwa balaa. Nilikwama kwenye neno moja, nikamfuata mezani kwake. Akaniambia ni jina la lile gogo refu linalolazwa juu ya msingi wa tofali, ambalo nguzo zote za jengo husimama juu yake. Nikamjibu kuwa ni tabu kuandika kitu usichokijua sura. Huenda nilitaka tu kutoka kwenye chumba kile kilichojaa moshi wa sigara. Akatazama saa ya ukutani, akachukua funguo za gari, akasema, "Basi twende ukalione."

Hivyo ndivyo nilivyofika Wickley mara ya kwanza. Msikitafute katika ramani za watalii. Ni kijiji kilichobaki pembeni kabisa mwa London ya magharibi. Mji ulikua, ukakizunguka, ukasahau kukimeza. Kina njia moja nyembamba yenye wigo wa miti ya miba huku na huku, nyumba chache za wakulima zilizojengwa kwa tofali jekundu na boriti za mwaloni, bwawa la bata, bustani kuukuu za matufaha, na nyuma yake mashamba yanayokwenda mpaka kwenye barabara kuu. Ukisimama shambani unawasikia kunguru, halafu inapita ndege, halafu unawasikia kunguru tena. Sheria inalilinda eneo zima kwa pamoja: nyumba, maghala, wigo, na hata mashamba yenyewe. Hilo la mashamba ndilo lililonipa taabu na furaha kuliko yote.

Gogo tulilokwenda kulitazama lilikuwa katika ghala la Bi Dorothy Fenn. Wakati huo alikuwa mwanamke wa makamo, hakuolewa, akilima kabichi na baba yake mzee. Aliviangalia viatu vyangu vya ofisini, akaingia ndani, akatoka na buti za mpira za marehemu mama yake. Zilinienea. Sikuzirudisha kamwe. Kila nilipojaribu aliniambia kuwa wiki ijayo nitazihitaji, na kweli nilizihitaji.

Ghala lenyewe lilikuwa refu, jeusi kwa nje, la mbao zilizopakwa lami, na milango mirefu ya kupitisha mkokoteni uliosheheni. Ndani mlikuwa na kimya cha msikiti baada ya watu kutoka. Bwana Prentice alinipa kisu chake kidogo cha mfukoni, akaniambia nilichome lile gogo. Mahali pa kwanza ncha iligoma. Nikasogea hadi karibu na mlango, nikachoma tena, na kisu kikaingia mpaka mpini. "Sasa unalijua," akasema. Wiki iliyofuata aliomba niende naye tena, akisema anahitaji mtu wa kuandika anayoyasema. Tulizunguka pamoja hivyo kwa miaka, mpaka siku moja nikagundua kuwa mimi ndiye ninayesema na yeye ndiye anayeandika, jambo ambalo lilimtesa kila mtu aliyelazimika kuisoma ripoti.

Sasa nikuambieni kitu cha kuchekesha. Pale ofisini walikuwa wamezisikia nyumba nyeupe za Unguja, wakaamini kuwa chokaa imo katika damu yangu. Mtu akija na ukuta wa chokaa, husema, muulizeni Zuhura. Wallahi sikujua lolote. Baba yangu alikuwa karani bandarini, na chokaa pekee aliyoijua ni ile ya kuchora mistari ya kiwanja cha mpira. Nilijifunza chokaa kwa Bwana Prentice, nimepiga magoti kwenye tope la Kiingereza: kwamba haitaki haraka, kwamba huwekwa kwa tabaka jembamba na kufunikwa magunia yenye unyevu, kwamba ukuta wa zamani unapumua, na ukiupaka saruji unyevu unafungiwa ndani na tofali laini linaanza kumeguka kama biskuti. Niliporudi likizo Unguja mara ya kwanza nilisimama mbele ya nyumba za Mji Mkongwe nikizisoma kwa macho niliyopewa na seremala wa Kiingereza. Mama alidhani naumwa.

Vyombo vyangu vya kazi vilikuwa vichache: kisu, tochi, timazi ya kupimia wima wa kuta, na buti za marehemu mama yake Dorothy. Kompyuta zilikuja baadaye. Sina ugomvi nazo, ila sikuwahi kuiona hata moja ikiingia chini ya sakafu. Na msikatae chai. Mwenye nyumba huzungumza na karatasi zenu mlangoni, lakini jikoni huzungumza na nyinyi.

Msidhani nilishinda kila mara. Karibu na bwawa palikuwa na nyumba nzuri kuliko zote za Wickley. Mwenyewe alihamia kwingine, vigae vikaanguka upande wa kusini, mvua ikaingia. Tuliandika, tukaonya, tukaandika tena, na wakati wanasheria wakibishana, nguzo za juu zikaoza. Asubuhi moja paa lilikaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Hakuna aliyeumia. Nilisimama pale nikinusa vumbi la chokaa, na Bwana Prentice, ambaye alikuwa anakaribia kustaafu, akavua kofia. Tangu siku hiyo sikuingoja sheria peke yake. Nikiona kigae kimeanguka, nilikuwa namtafuta mtu mwenye ngazi.

Baba yake Dorothy alikufa, na Dorothy mwenyewe akaanza kuzeeka. Mgongo ulikataa kabichi. Akabaki na nyumba yake, akauza mashamba na ghala. Wachimbaji wa kokoto walikuwa wamemzengea kwa muda mrefu, kwa sababu chini ya mashamba yale kuna kokoto nzuri, lakini hakutaka kuamka kila siku akitazama shimo. Akamuuzia mtu asiyejulikana pale kijijini, na mimi nikaenda kumwona.

Ilikuwa imenyesha. Nilipoingia uani buti moja ikazama na kunasa, nikabaki nimesimama kwa mguu mmoja, nikanung'unika kwa lugha ya nyumbani, "Ya Rabi, matope gani haya."

Sauti ikatoka nyuma ya mlango wa ghala. "Matope ni ya bure, dada. Karibu."

Alikuwa Kalasinga mwenye kilemba cha buluu na ndevu zilizoanza kuingia mvi, ameshika utepe wa kupimia. Jina lake Jaswant. Alizaliwa Kibos, karibu na Kisumu, ambako babu yake na baba yake walilima miwa. Waliondoka Kenya mambo yalipokuwa magumu kwa watu kama wao, na tangu hapo yeye alikuwa akipakia mizigo ya abiria uwanja wa ndege, huku akipanda mboga katika kila kipande cha ardhi alichoweza kukodi. Sasa alikuwa na shamba lake. Alitaka kupanda uwatu, mchicha, figili, na ile ambayo mimi naiita kotmiri na yeye anaiita dania, akawauzie maduka ya Hounslow na Southall. Tulibishana jina la jani hilo kwa miaka ishirini na zaidi, na hakuna aliyeshinda.

Siku ile aliniambia anachokitaka. Kwanza, mahandaki marefu ya plastiki, yale mapaa ya mviringo yanayosimamishwa juu ya ardhi, ya kukingia mboga baridi. Pili, ghala livunjwe, mahali pake pasimame banda la chuma la kusafishia na kufungia mzigo. Hilo la pili nililikataa hapo hapo. Nilimweleza ghala lile ni la tangu lini na kwa nini sheria inalilinda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja utepe wake taratibu.

"Kibos walituambia shamba si letu," akasema. "Hapa nimelinunua, na mtu anakuja kuniambia si langu. Tena si Mwingereza. Wewe, dada, mtu wa Zanzibar."

Niliagana naye, nikaendesha gari mpaka mwisho wa njia, nikasimama kando. Nilikuwa nimezoea kutukanwa na wenye nyumba. Ni sehemu ya kazi, na wengine hutukana kwa ufasaha wa kupendeza. Lakini huyu hakunitukana. Tulipoondoka Unguja, mama aliifunga nyumba yetu kwa ufunguo, akarudi tena mlangoni kuhakikisha umefungika, na hakuna aliyetuuliza kama tunaitaka. Nami sasa nilikuwa natetea ukuta wa mbao wa watu waliokufa zamani mbele ya mtu aliye hai anayetaka kulima.

Kesho yake nilirudi. Sikwenda kumweleza sheria. Nilimuuliza banda la chuma alilitakia nini khasa. Alijibu kwa ufupi, bado ana hasira: sakafu kavu, maji, na mlango mrefu wa kuingiza lori. Nikamwonyesha ile milango iliyojengwa kwa mikokoteni ya ngano. Akaipima, akaipima tena, akakubali kuwa lori litapita. Lakini ghala lilikuwa limeinama upande wa magharibi, na gogo la msingi lilikuwa limeoza zaidi kuliko siku ile ya kisu changu.

"Hili litaniangukia kichwani," akasema. "Ukiweza kulisimamisha kabla ya kupanda kwa majira ya machipuko, nitalitumia. Likishindikana, dada, mimi sina miaka ya kungoja. Wale wa kokoto wamenipigia simu."

Sikumlaumu. Nikarudi ofisini na kupendekeza mambo mawili: ghala libaki na litengenezwe, na mahandaki ya plastiki yaruhusiwe, ila yawe kule chini nyuma ya wigo, ambako hayaonekani kutoka njiani. Nilifanikiwa kuwakasirisha wote. Ofisini waliniuliza ni lini plastiki imekuwa urithi wa taifa. Na Wickley wakaanza mikutano chini ya uongozi wa Bwana Whitcombe, rubani mstaafu aliyenunua nyumba pale na kuipenda kweli, siwezi kumnyima hilo. Alijua kila dirisha la kijiji. Tatizo lake ni kwamba aliipenda Wickley kama picha, na Jaswant alikuwa ameingia ndani ya picha na jembe.

Madiwani walikaa kusikiliza. Ukumbi ulijaa. Bwana Whitcombe alizungumza kwa adabu kuhusu mandhari, kisha akasema kuwa watu wana wasiwasi pia na harufu ya hizo mboga za kigeni. Nilimtazama Jaswant. Alikuwa amevaa suti, ameketi wima, anatazama mikono yake.

Ndipo Dorothy akainuka. Hakuwa amenieleza kuwa atakuja, wala sijui nani alimleta. Alijishikilia kwenye kiti cha mbele yake.

"Baba yangu alilima kabichi hapo maisha yake yote," akasema. "Kabichi ikioza mwezi wa Novemba inanuka mpaka kanisani. Hakuna aliyewahi kuitisha mkutano." Akapumua. "Mnataka shamba la zamani. Shamba la zamani ni mtu anayelima. Huyu analima. Sijamwona mwingine aliyejitolea."

Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Waingereza hawafanyi hivyo kwa mtu aliyesema kweli, hutazama viatu vyao. Madiwani wakapitisha pendekezo, lakini kwa sharti: ghala lisiposimama salama kufikia machipuko, ruhusa yote ingerudi mezani. Nilijua maana yake. Jaswant asingengoja.

Nikaenda kwa Bwana Prentice. Alikuwa amestaafu, kifua kimemharibika kwa sigara, na mkewe hakutaka kusikia neno ghala. Alinisikiliza, akauliza limeinama upande gani, kisha akainuka kutafuta kofia. Kaunsili ikatafuta kundi la maseremala, naye akawa anakaa kwenye kreti katikati ya ghala, amejifunika blanketi la Dorothy, akionyesha kwa fimbo. Hatukuvuta kwa nguvu. Tuliweka jeki chini ya boriti, tukafunga nyaya za chuma kutoka nguzo za juu mpaka nje, na kila asubuhi tukakaza kidogo tu, kisha tukaliacha jengo likae na mawazo yake. Mti wa mwaloni hulia unaponyooshwa. Jaswant aliposikia kilio kile mara ya kwanza alitoka nje. Mara ya pili alibaki. Baada ya hapo alikuwa anakuja kabla ya maseremala kufika, anatazama timazi iliyoning'inia kwenye nguzo ya kati, anaiandikia alama ya chaki.

Siku tuliyolitoa gogo bovu ndiyo niliyoiogopa. Upande mzima wa ghala ulikuwa umesimama juu ya jeki, hauna mguu. Gogo jipya lilikuwa likisukumwa ndani pale upepo ulipoinuka kutoka uwandani, na ghala zima likajongea. Si sana. Vumbi likadondoka, nyaya zikaimba, na kila mtu akaganda alipokuwa. Jaswant alikuwa ndani, karibu na nguzo ya kona, amekamata ncha ya gogo. Nilimwambia kwa Kiswahili atoke. Akanijibu, bila kugeuza kichwa, kuwa akiliachia litawaangukia wenzake.

Bwana Prentice hakuinua sauti. Aliinua fimbo, akaiweka wima mbele ya jicho lake, akaitazama nguzo kupitia hiyo fimbo mpaka upepo ulipopita. Kisha akaishusha kama mtu anayewaambia wanamuziki waanze. Wakasukuma. Gogo likaingia mahali pake kwa sauti nzito niliyoihisi kwenye meno. Jaswant akatoka nje, akakaa chini kwenye matope akiwa na suruali yake safi, akacheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikakaa kando yake. Dorothy alituletea chai, akasema tunaonekana kama bata.

Mahandaki ya plastiki yalisimama nyuma ya wigo kabla machipuko hayajaisha. Ghala likajaa kreti, maji, redio ya Kipunjabi na wanawake wanaofunga mafungu ya mboga. Bwana Prentice aliishi kuliona likifanya kazi kwa misimu miwili. Bwana Whitcombe alichukua muda mrefu, kisha siku moja nikamkuta ananunua uwatu uani, anauliza unapikwaje, anaandika jibu nyuma ya bahasha.

Nilifanya kesi nyingine nyingi baada ya hapo, za mabomba, madirisha na mabanda ya bata, na sitakuchosheni nazo. Nitamalizia na Dorothy, kwa sababu alifariki katika majira yangu ya mwisho kazini. Alikuwa amezeeka sana. Aliagiza asipitishwe kwenye gari jeusi. Apitishwe njiani kwa tela la shamba. Mpwa wake aliona aibu kumwomba Jaswant. Hakuhitaji kuomba. Jaswant alikuwa ameshaliosha tela kwa mikono yake, akalizungushia matawi ya wigo.

Aliendesha trekta mwenyewe, kilemba cheupe, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kijiji kizima kilifuata kwa miguu. Bwana Whitcombe, na fimbo yake, alitangulia kufungua lango la kanisa, akalishikilia mpaka wa mwisho alipopita. Ndege zilipita juu, na kila ilipopita moja kasisi alinyamaza akangoja, kama tunavyofanya sote huku.

Baada ya maziko watu walikwenda kunywa chai ukumbini. Jaswant sikumwona. Nilimkuta katika kipande cha dania alichokuwa amepanda nyuma ya nyumba ya Dorothy, ameshavua koti, mundu mkononi. Nikamuuliza kwa nini haji na wenzake.

"Nitakuja," akasema. "Dania hii imekuwa tayari tangu Jumatatu. Kabla ya hapo Dorothy alikuwa akifungua dirisha kila siku, ananiuliza, bado? Namwambia, bado, mama, kesho."

Akainama. Nikavua koti langu, nikalitundika kwenye wigo, nikachukua mundu mwingine kwenye kreti. Tukaanza kukata kutoka upande wa ghala, mstari kwa mstari, mpaka tukafika chini ya dirisha lake.